Kutoka Utosini Hadi Nyayoni

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Kiroboto ametoka kumimina maziwa ndani ya buti langu la kulia. Wala si bahati mbaya. Amelisimamisha kwanza lisianguke, akainamisha kikombe taratibu mpaka tone la mwisho, kisha akavua kiatu chake mwenyewe, kile cha kamba nyekundu, akaniletea nivae. Ana mwaka mmoja na miezi minane, na tayari anajua kwamba mtu mwenye maziwa kwenye buti haendi kazini. Nimecheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Alipoona akasema, "Hata mtoto anakwambia usiende."

Lakini nakwenda. Miaka miwili nimepiga deki wodi za hospitali yetu, na leo naanza kupanda gari la wagonjwa. Hospitali ni ndogo. Mgonjwa akizidiwa hupelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa moja na nusu kiangazi, na mvua zikishika hata saa tatu. Nyuma ya gari hukaa muuguzi mmoja na msaidizi mmoja. Msaidizi aliyekuwapo amehama. Mkuu wa hospitali amesema nijaribiwe msimu huu wa mvua, mpaka mwisho wa Mei. Nikifaa, nitapelekwa mafunzo na kuajiriwa kwenye gari. Nisipofaa, ndoo na dekio langu vipo palepale nilipoviacha.

Mimi niliishia darasa la saba. Wawili wengine walioomba nafasi hii wana vyeti vya kidato cha nne, na Mkuu hakuficha kwamba angependa mmoja wao. Aliyenitaka mimi ni muuguzi wa gari mwenyewe. Kwa nini, sijui. Mwanamke wa makamo, mkavu, hajawahi kunichekea hata siku moja. Daftari hili kanipa yeye. "Andika kila siku, hata mstari mmoja," alisema. "Fomu zangu sitaki zijazwe kwa mwandiko wa kuku."

Buti nimelisuuza. Harufu imekataa kutoka.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna safari. Nimeosha gari ndani mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna safari leo pia, ila nimechoka kuliko siku ya kufua mapazia ya wodi zote.

Muuguzi tunamwita Sista. Akigeuka mgongo tunamwita Tena, maana ndilo neno lake. Leo alimlaza dereva wetu kwenye machela. Dereva ni Mjomba kwa kila mtu, mnene, mcheshi, hana pahali pa kuweka maneno yakimjaa.

"Huyu ni mgonjwa," Sista akasema. "Mkague."

Nikamtazama. "Anapumua."

"Umejuaje?"

"Anaongea."

"Anasema nini?"

"Anasema machela inamfinya mbavu."

"Basi njia ya hewa iko wazi na akili iko nyumbani. Umeona? Umeshajua mawili na hujamgusa. Endelea."

Nikaweka viganja viwili kifuani, kimoja kila upande, nione kama vinapanda pamoja. Nikashika mapigo mkononi, halafu shingoni. Nikabonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, nikahesabu mpaka wekundu ukarudi. Mboni za macho, moja moja kwa tochi. Tumbo. Miguu. Nikasahau mgongo.

"Tena," akasema Sista. "Kutoka utosini."

Mara saba! Mara ya nane Mjomba alikuwa amelala kweli, anakoroma, na Sista akasema hivyo ndivyo vizuri zaidi, sasa mkague asiyejibu.

Nikamuuliza kwa nini tunajisumbua wakati kuna mashine, ina namba, inalia yenyewe mambo yakiharibika. Akanipandisha garini, akamwambia Mjomba awashe atuzungushe kwenye ile barabara ya mashimo nyuma ya hospitali. Akanipa kile kipimo cha kusikilizia kifua nimsikilize yeye. Sikusikia moyo. Nilisikia injini, vyuma, na Mjomba anaimba. Namba za mashine zilikuwa zinaruka kama Kiroboto kitandani.

"Mashine inarushwa kama sisi tunavyorushwa," akasema. "Masikio humu hayana kazi. Umebaki na macho na viganja. Kabla hatujaondoka, unakagua. Tukimhamisha, unakagua. Kila robo saa, unakagua. Gari likirushwa, unakagua, hata kama ulimaliza sasa hivi."

Ijumaa, 14 Machi

Safari ya kwanza. Mzee mmoja wa moyo. Nilitapika nusu ya njia. Nashukuru mfuko ulikuwa karibu. Mzee ndiye aliyenishika mkono akaniuliza, "Binti, unajisikiaje?" Mjomba amelitangaza hilo kwa hospitali nzima, mpaka walinzi wa getini wananiuliza ninajisikiaje.

Mzee amefika vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Kiroboto ameitazama dirishani kwa mdomo wazi kana kwamba imeletwa kwa ajili yake.

Jumatano, 26 Machi

Safari mbili kwa siku moja. Sista hanisifu, hanigombezi, anasema tu neno lake. Nyumbani nimembonyeza kucha baba Kiroboto mpaka ameficha mikono kwapani. Yeye ni fundi cherehani, amesema vidole vyake vina kazi nyingine. Mama mkwe anatutazama tu. Kwake yeye kazi hii ni kuchezea vifo vya watu, na mwanamke mwenye mtoto mdogo hana ruhusa ya kucheza huko.

Siku hizi najiona nafaa.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika jikoni. Mikono yangu bado inanuka sabuni ya hospitali.

Saa tatu asubuhi tulimpakia mama aliyejifungua alfajiri. Mama! Msichana tu, mdogo kuliko mimi, uzazi wa kwanza. Mtoto alibaki wodini na bibi yake. Alikuwa ametoka damu nyingi, ikakatika, lakini daktari hakuridhika akaona aende kwenye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, damu irudi isirudi. Tulimkagua kabla ya kutoka, mimi na Sista. Nilipobonyeza chini ya kitovu, mji wa uzazi ulikuwa mgumu kama ngumi, na ndivyo unavyotakiwa. Pedi ilikuwa kavu.

Mvua ilikuwa inalipiga bati la gari utadhani changarawe. Msichana alikuwa anatetemeka meno. Nikachukua blanketi nikamfunika mpaka kidevuni, nikachomeka pembeni huku na huku, vile ninavyomchomekea Kiroboto, nikaongeza jingine miguuni. Akaniambia, "Asante, dada." Nikajisikia raha. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Robo saa ya kwanza Sista alimkagua mwenyewe. Ya pili Mjomba alimwita kwenye kile kidirisha cha mbele, maji yalikuwa yamefunika daraja, wakawa wanashauriana tupite wapi na Sista anapiga simu huku na kule. Akanionyesha mgonjwa kwa kidole, maana yake, fanya wewe.

Nikafanya. Nilimtazama uso. Nikamuuliza hali. "Nasikia usingizi," akasema, nikaona ni haki yake, amekesha anazaa. Nikatazama mashine. Presha ilikuwa karibu ileile. Mapigo yalikuwa tisini na sita tulipotoka, sasa mia na kumi na mbili. Mimi nikadhani yakipanda ndiyo nguvu inarudi. Nikaandika kwenye fomu: Sawa.

Sikumfunua. Nilikuwa nimemfunika vizuri mno. Nilimwonea huruma kwa ile baridi.

Sista aliporudi alitupia jicho mashine, akashika blanketi kwa mikono miwili akalitoa lote mara moja.

Damu ilikuwa imejaa pedi, imevuka shuka, imetuama chini ya mgongo kwenye godoro la mpira. Upande wa ndani wa blanketi ulikuwa umeloa. Kwa nje halikuonyesha kitu.

"Mjomba, simamisha!"

Akaweka mkono tumboni. Ile ngumi haikuwapo. Palikuwa laini kama mto. Akaanza kusugua kwa nguvu, msichana akalia, na Sista akasema, "Lia mwanangu, lia, nataka nikusikie." Mimi akanipa mfuko wa dripu niukamue kwa mikono yote miwili. "Na umwongeleshe! Asilale!" Nikamuuliza mtoto anafanana na nani. Akafumba macho. Nikauliza tena kwa sauti, nikamgonga bega. "Pua," akasema. "Pua ya baba yake." Na macho? Na masikio? Nilimwuliza habari za mtoto yule kiungo kimoja kimoja mpaka miguuni, huku nakamua, huku machozi yananiingia mdomoni. Sista akamchoma sindano bila kuacha kusugua. Baada ya muda, sijui muda gani, akanichukua mkono wangu mmoja akauweka tumboni kwa msichana. Ngumi ilikuwa imerudi.

Tulipita njia ndefu. Walimpokea mlangoni wakamkimbiza ndani.

Kurudi, hata Mjomba hakuimba. Tulipofika Sista akanipa fomu. "Jaza."

"Nijaze nini?"

"Ulichoona saa nne kasorobo."

"Sikuona kitu, Sista."

"Andika hivyohivyo."

Nikaandika kwa mwandiko wangu huu: Sikufunua blanketi. Sikuona damu. Nilidhani mapigo kupanda ni kupona. Alisoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake: Nami nilikaa dirishani muda mrefu mno, nikamwachia aliyekuwa bado hajafundishwa maana ya mapigo. Akatia sahihi. Kisha akaniambia, wala hakupaza sauti, "Huruma yako naipenda. Lakini leo umemlalia nayo juu."

Sijui kama yule msichana yu hai.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuna habari. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna habari. Mkuu ameisoma ile fomu. Amenipita koridoni akiitazama saa yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Kiroboto ana jino jipya na ameling'atia bega langu.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nilikuwa na mapumziko. Nilimwambia mama mkwe kwamba kesho naenda kwa Mkuu kuomba dekio langu. Nilitegemea aseme afadhali. Alikuwa anakunja nguo za Kiroboto. Akazimaliza, akaziweka juu ya kabati, akaenda kujilaza kitandani chali.

"Haya. Nikague."

"Mama, acha mzaha."

"Nimeanguka kutoka juu ya paa."

"Ulikuwa unafanya nini juu ya paa?"

"Mimi nimezimia, usiniulize maswali. Unaniacha nife?"

Nikaanza, nusu nacheka nusu nalia. Kichwa, macho, mdomo, shingo. Alijitahidi kuzimia lakini nikimbonyeza anasema "Hapo hapana kitu, songa." Kifua kinapanda sawasawa. Tumbo. "Taratibu, humo alitoka mumeo." Nikamgeuza mgongo, hatasema tena kwamba mimi nina mikono dhaifu. Kisha nikafika kwenye soksi.

"Miguu haimo," akasema.

"Imo, Mama."

"Nina baridi."

Hapo nikasimama kidogo. Nilikuwa nimeshasikia habari ya baridi, Jumatano. Nikamwambia, "Mgonjwa aliyezimia hasemi ana baridi," nikavuta soksi. Ya kushoto ilitoka bila shida. Ya kulia ilikuwa imeganda chini. Kwenye unyayo wake, karibu na kidole gumba, palikuwa na kidonda kama kifuniko cha chupa, cha siku nyingi, kingo zake nyeupe. Nilipokigusa hakushtuka.

"Hakiumi?"

"Kingeuma ningesema."

"Tangu lini?"

Akatazama ukutani. "Tangu kabla ya mvua."

Tumeishi naye nyumba moja. Nimemfulia, nimemsongezea kiti, nimegombana naye juu ya kazi hii wiki tano, na alikuwa anatembelea kidonda. Kiroboto alipanda kitandani akakinyooshea kidole, akasema "Bibi, uu!" na bibi yake akalia. Sijawahi kumwona akilia.

Tulikwenda zahanati palepale, na mwavuli mmoja, yeye na mimi. Wamempima, sukari iko juu sana, ndiyo maana mguu hausikii maumivu. Wamesema kimewahiwa, mguu utabaki. Njiani kurudi akaniegemea begani. "Hilo dekio," akasema, "waachie wenyewe."

Ijumaa, 11 Aprili

Yu hai! Mjomba amemwona kwa macho yake hospitali kubwa, amekaa kitandani anagombana na mhudumu kuhusu mto. Amepelekewa mtoto wake. Nilikaa chini pale kwenye maegesho, maji ya mvua yakanipita chini, sikujali.

Mjomba akakaa na yeye, mzigo mzima ule. Akaniambia kitu. Mwaka jana, nilipokuwa nadeki wodi ya wanaume, niliacha kudeki nikaenda kumwita Sista kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa ametulia, "si kutulia kwa jana." Mimi sikumbuki. Sista anakumbuka. "Alisema yule anaona," Mjomba akasema. "Akasema kusoma atafundishwa. Kuona, atamfundisha nani?"

Na mimi mwezi mzima nilidhani hanipendi.

Jumanne, 15 Aprili

Sista ananifundisha mapigo. Kwa nini yanapanda damu ikipungua, kwa nini presha ya kijana inaweza kukudanganya mpaka dakika ya mwisho. Ananichorea kwenye sanduku la glovu. Nikielewa anasema "Tena," nikikosea anasema "Tena." Nimeanza kuzisikia tofauti.

Jumapili, 27 Aprili

Kidonda cha mama kinajaa nyama nyekundu. Yeye mwenyewe ananiita kila jioni, "Njoo ukague." Ameanza kunikosoa nikiruka masikio.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Safari moja. Ugonjwa wa kifafa, binti wa shule. Kafika anaongea.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Hakuna safari. Daraja limefunikwa tena.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewaona wale wawili wenye vyeti wamekaa kwenye benchi la Mkuu, mashati yamenyooka. Wamenisalimia kwa adabu, hilo ndilo limeniuma. Sista alitoka ofisini humo midomo imebanwa. Akasema Mkuu anaitaja fomu ya Aprili mbili kila mara, na cheti. "Nimemwambia asome na sahihi yangu chini yake," akasema. Nikamuuliza kwani inasaidia. Akasema, "Hapana. Lakini asome."

Nikamwuliza tena, nafasi ipo au haipo? "Ikifika mwisho wa mwezi utajua. Leo osha machela."

Ijumaa, 23 Mei

Naandika yote kabla sijasahau mpangilio.

Saa nne asubuhi. Fundi wa ujenzi, ameanguka kutoka ghorofa ya pili, kichwa kimeumia, hana fahamu. Daktari alimwekea mpira wa hewa kooni, na Sista alikuwa anampulizia kwa ule mfuko wa kukamua, pumzi moja moja, mikono yake haiwezi kuachia. Kwa hiyo kukagua kulikuwa kwangu peke yangu. Mke wake alikaa mbele na Mjomba.

Kabla ya kutoka nilikagua kutoka utosini. Mpira ule una namba ubavuni, zinakuonyesha umeingia kiasi gani. Kwenye meno ilikuwa ishirini na mbili. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu, fomu ilikuwa mbali. Kifua kilipanda pande zote mbili. Nilimfunika, nikaacha kifua wazi, na kila robo saa nikafunua pia kulikofunikwa. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Mvua haikuwapo tangu asubuhi, lakini barabara ilikuwa tope tupu.

Tulipomaliza kukwepa mti ulioanguka njiani, gurudumu la nyuma likazama kwenye shimo na kutoka kwa kishindo. Mimi nilirushwa nikagonga kichwa darini. Sista alijibana kwa goti, akaendelea kukamua. Mashine ikaruka namba zote, ikatulia. Tisini na sita. Hewa kwenye damu, tisini na sita, nzuri kabisa, ileile ya mwanzo.

Robo saa ilikuwa haijafika. Nilikuwa nimemaliza kumkagua dakika mbili tu kabla. Nikaanza tena kutoka utosini.

Nilipoweka viganja kifuani, cha kulia kilinyanyuka. Cha kushoto kilikaa. Nikangoja pumzi nyingine. Kulia, juu. Kushoto, kimya. Nikabadilisha mikono, labda ni mkono wangu mmoja umekufa ganzi. Vilevile.

"Sista, kushoto hakupandi."

"Mashine inasemaje?"

"Tisini na sita."

"Na viganja?"

Nikikosea, nimesimamisha gari katikati ya tope kwa mtu wa kichwa, na Mkuu atapata fomu ya pili. "Viganja vinasema kushoto hakupandi," nikasema. Nikatazama menoni. "Na mpira uko ishirini na sita. Ulikuwa ishirini na mbili." Nikamwonyesha kiganja changu.

"Mjomba, simama."

Gari likazima, kukawa kimya mpaka nikasikia mke wake anavuta pumzi kule mbele. Sista akanipa mfuko nikamue, akasikiliza kifua kwa kipimo, kulia, kushoto, akarudi kulia. Akabandua plasta iliyoushika mpira mdomoni, akauvuta polepole, kidogo, kidogo tena, namba ikarudi ishirini na mbili. Ulikuwa umezama umeingia bomba la upande mmoja tu, hewa yote inakwenda pafu la kulia. Mashine ilikuwa bado haijapata habari. Ilianza kushuka wakati ule anavuta, tisini na tatu, tisini, nikaona jinsi ambavyo kushuka huko kungetukuta ndani ya lile tope linalofuata, tumeshika kila mtu chake.

"Haya, weka mikono," akasema.

Niliweka. Kulia, juu. Kushoto, juu. Sijui nifananishe na nini. Siku ile Kiroboto alipozaliwa walimweka kifuani kwangu nikasikia mgongo wake unapanda na kushuka chini ya kiganja. Ndiyo hivyo.

Mke wa fundi alifungua kidirisha. "Kuna nini huko? Niambieni."

Sista akanitazama mimi nijibu. Nikamwambia, "Mpira wa hewa ulisogea, shemeji. Tumeurudisha. Mumeo anapumua pande zote mbili." Akarudia lile neno, pande zote mbili, mara tatu.

Tulipomkabidhi, daktari wa kule aliuliza nani aliona. Sista alikuwa anaosha mikono. Akasema bila kugeuka, "Huyo."

Jumatatu, 26 Mei

Fundi amefanyiwa upasuaji wa kichwa. Hajaamka, lakini anakunja vidole akiitwa.

Jumatano, 28 Mei

Jua siku nzima. Mama ametembea mpaka dukani na kurudi, na kiatu chenye soli laini alichotengenezewa. Kidonda kimebaki kama punje ya mahindi.

Ijumaa, 30 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la Mkuu, daftari juu ya goti. Kikao kilikuwa saa tatu, sasa ni saa nne na nusu. Asubuhi mama amemvalisha Kiroboto gauni jipya aliloshona baba yake, amesema kama ni habari njema tumkute ameshapendeza, na kama ni mbaya tumkute ameshapendeza pia. Nimeipenda hiyo.

Mlango haufungi vizuri, wanasikika. Mkuu anasema cheti, Sista anasema mafunzo yenyewe ndiyo yatampa cheti. Mkuu anasema Aprili mbili. Sista anasema Mei ishirini na tatu, zisome pamoja, zote ziko kwenye faili moja na zote kaziandika mwenyewe, nionyeshe msaidizi mwingine aliyewahi kuandika kosa lake mwenyewe kwa mkono wake. Mkuu anakohoa. Mimi nimeshika kalamu kama mtu anayening'inia.

Sasa simu inalia humo ndani. Wodi ya watoto, nasikia "homa ya mapafu", nasikia "miezi saba". Kiti kinasukumwa. Sauti ya Sista inasema, "Mtoto hawezi kusubiri kikao. Naondoka na msaidizi wangu." Amesema wangu. Mkuu anasema, "Nendeni. Mkirudi apite kwangu achukue barua ya mafunzo, niitie sahihi sasa hivi, kabla hujanirudia na maneno yako." Jamani! Nimeisikia kwa masikio yangu mawili, barua ya mafunzo, na mlango umefunguka na Sista ananiita, ananiuliza kama nimeota mizizi hapo, nakuja Sista, nakuja, niandike hili moja tu, kwamba leo mimi